Vitenzi Mia na Ishirini vya Mwalimu Najib

Mwalimu Najib alitembea na kalamu tatu katika mfuko wa shati, na kila kalamu ilikuwa imemletea cheo. Ya bluu ilimpa ukatibu wa kamati ya maji ya mtaa. Nyekundu ilimpa kituo cha tuisheni, kibanda cha mabati kilichotazamana na soko la maziwa, ambamo watoto wa Garissa walipelekwa jioni kupigiwa kelele kwa Kiingereza. Nyeusi ndiyo iliyomfanya katibu wa kikundi cha kina mama wauza maziwa ya ngamia, kikundi chenye wanawake sitini na watatu na mwanamume mmoja, yaani yeye. Hakuwahi kukama hata mbuzi. Lakini barua za kuomba msaada huandikwa kwa Kiingereza, kina mama hawakuwa nacho, naye alikuwa nacho hadi kinammwagika.

Mwenyekiti wa kikundi hicho alikuwa Sahara, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya kumsimamisha ngamia ng'ambo ya Tana. Alikuwa amekianzisha miaka kumi na minne kabla ya hapo, na wanawake watano na madumu tisa yaliyofukizwa moshi. Wanawake wa Bura walimpakilia maziwa kwenye pikapu alfajiri bila karatasi wala sahihi, kwa kuwa jina lake lilitosha. Shida ilikuwa jua. Joto la Garissa halina adabu. Maziwa yaliyotoka Bura yakiwa mazuri yaliweza kuchacha kabla ya adhuhuri, na mara nyingi Sahara aliyamwaga mtaroni dumu baada ya dumu, huku akijua kuna mwanamke huko Bura anayengojea unga na sukari vya dumu lilelile. Kila alipomwaga alilia, na hakuona haya kuonekana akilia.

Kwa hiyo aliomba tangi la kupozea maziwa. Aliomba miaka saba, ofisi hii na ile, akizungushwa kama jiwe la kusagia. Hatimaye mradi mmoja ukakubali, na tangi likaja: kubwa, jeupe, na nguo yake ya nailoni, likawekwa ndani ya nyumba mpya yenye sola juu ya paa. Kilichobaki ni mwenyekiti kuweka sahihi na kukabidhiwa ufunguo. Mwenye ufunguo ndiye angeamua maziwa ya nani yaingie na ya nani yabaki juani.

Hapo ndipo Mwalimu Najib aliposimama kwenye mkutano, akagusa kalamu zake moja moja kama mtu anayehesabu watoto kabla ya safari, na kusema kwamba masharti yanataka mwenyekiti mwenye Kiingereza.

"Na msingi wa Kiingereza ni vitenzi," alisema. "Si vitenzi hivi vya kubebea maji. Nasema vile vya wenyewe, vyenye sura tatu. Go, went, gone. Eat, ate, eaten. Kila mtu anajua sura ya kwanza, hata makanga wa matatu anaijua. Ya pili wachache. Ile ya tatu ndiyo inayomtenganisha msomi na mtu wa kawaida. Asiyejua sura ya tatu, kwa Wazungu ni kama ametoka nje bila nguo."

Wanawake sitini na watatu wakavuta mitandio yao.

Akaeleza kwamba vitenzi ni mia na ishirini, vitasemwa kwa kichwa, mbele ya afisa wa mradi, baada ya wiki tatu. Wagombea ni wawili: Mama Sahara, na Ikran. Huyu Ikran alikuwa dada mdogo wa Rukiyo, mke wa Mwalimu Najib. Alikuwa amerudi kutoka Nairobi na stashahada ya usimamizi wa hoteli, na hadi siku hiyo alikuwa akipita soko la maziwa na mtandio puani.

"Maalim," Sahara akauliza, "maziwa yanasikia Kiingereza?"

Kina mama wakacheka. Mwalimu Najib akatabasamu kwa huruma, tabasamu lile la kumwonea mtu bila kumgusa. "Mama, tangi limetoka ng'ambo. Vitufe vyake vimeandikwa Kiingereza."

"Kimoja kijani, kimoja chekundu. Nimeviona. Rangi nazo zina lugha?"

"Ndiyo hiyo sasa," mwalimu akawaambia wengine, kama daktari anayeonyesha kidonda. "Ndiyo hiyo tunayosema."

Asije akaambiwa amewaonea, alisema, atasoma orodha yote kwa sauti yake mwenyewe na kuituma kwenye simu zao, kwenye kundi la kikundi na lile la wanafunzi wake. Akatoa na sheria. "Kama nilivyosema mimi, ndivyo mtakavyosema. Hakuna kuruka, hakuna kuongeza, hakuna kupunguza hata neno moja."

Sahara alirudi nyumbani. Hakuwa mjinga, alijua anachotafutiwa. Alifikiria kukataa mtihani, lakini mtu akikataa mtihani watu husema ameogopa, na wakishasema hivyo ufunguo umekwenda. Akakaa juu ya mkeka, akaweka simu sikioni, na sauti ya Mwalimu Najib ikaingia, nzito, ya puani, ya mtu anayejisikiliza. "Arise, arose, arisen. Awake, awoke, awoken." Sauti hiyo ilikuwa na dakika arobaini na sita.

Mwanzoni maneno yalimpita kama upepo wa vumbi. Akarudia, yakampita tena. Siku ya tatu, akiwa sokoni na simu imechomekwa ndani ya mtandio, ndipo kitu kikambofya kichwani. Watatu watatu. Jina, na jina, na jina. Mbona hili analijua?

Kwa watu wake mtoto hafundishwi kuhesabu kabla hajafundishwa ukoo. Akiulizwa yeye ni nani, hasemi jina moja akanyamaza. Anapanda kutoka kwake hadi kwa babu wa ishirini na zaidi, bila karatasi, bila kupumua. Huo ndio abtirsi. Sahara aliumeza wa baba yake akiwa na miaka sita, wa mama yake akiwa na saba, na alipoolewa akaumeza wa mumewe kwa wiki moja, kwa ubishi tu, kwa sababu mawifi walisema hataweza. Mtu mwenye babu sabini kichwani atashindwa na wageni mia na ishirini?

"Abaayo, dada yangu," alimwambia Maka, rafiki yake waliyekaa naye meza moja tangu siku ya yale madumu tisa, "hawa si maneno. Hawa ni watu. Go alimzaa Went, na Went akamzaa Gone. Babu, baba, mwana. Ule ni ukoo."

Maka alikuwa mwanamke mnene mwenye ulimi uliokaa tayari muda wote. Akatega sikio. "Na huyu Be? Mbona ana wanne?"

"Be alioa wake wawili. Was na Were. Wote wakalea mtoto mmoja, Been."

"Maskini Been. Na huyu Cut, cut, cut?"

"Mbahili. Jina moja kamrithisha mwana na mjukuu, hataki kusumbuka na jipya."

"Hit pia wa ukoo huo? Na Hurt?"

"Hao wote ni binamu."

Tangu siku hiyo kazi ikawa mchezo. Walizigawa mbari: wale wa Ring, rang, rung na Sing, sang, sung walikuwa ndugu wa damu, wanaimba wote, wale wa Buy, bought, bought na Catch, caught, caught walikuwa watu wa makoo makavu, wanakohoa mwisho wa jina. Go ndiye aliyewashangaza kuliko wote, maana mtoto hakufanana na baba hata kidogo, na Maka akasema juu ya mama wa Went maneno ambayo hayafai kuandikwa. Wateja walisimama na birika zao wakisubiri maziwa, wakiwasikia wanawake wawili wazima wakizozana iwapo Freeze na Choose wanaweza kuoana.

Sahara hakujua maana ya hata kimoja. Lakini nani aliwahi kumwona babu yake wa kumi na nne? Unalishika jina kwa sababu umekabidhiwa, na unalishika vilevile ulivyolipokea. Kwa hiyo Sahara alishika kila kitu. Mwalimu Najib, akitaka kusema keep, alikuwa amesema keeb, kebt, kebt, na yeye akashika keeb, kebt, kebt. Baada ya Drink, drank, drunk mwalimu alikuwa amekunywa kitu kwa mvumo na kusema, "Alhamdulillahi." Sahara akaweka na mvumo na alhamdulillahi. Baada ya Feed, fed, fed mwalimu alikuwa amekohoa mara mbili. Sahara akakohoa mara mbili. Ndivyo alivyolelewa. Anayeanza kuchagua la kuacha ameshaanza kupoteza.

Siku ya tisa alifika kwenye kitenzi cha sabini hivi. "Ride, rode, ridden," ilisema sauti. Kisha ikaja tiriri-tiriri-tii, mlio wa kabambe, ile simu ndogo ya vitufe. Mwalimu Najib, kama watu wengi wa mji, alikuwa na simu mbili: ile kubwa ya kurekodia na kabambe ya kuongea. Alipokea kabambe. Ile kubwa, kiumbe kisicho na siri, ikaendelea na kazi yake.

"Haa, Rukiyo, sema," ilisema sauti kwa Kisomali, si ya puani tena. "La, usijali. Barua ya dada yako nimeshaiandika na muhuri nimeshapiga, iko ndani ya faili ya kijani. Mtihani ni wa kuwafunga watu macho tu. Ikran aseme kumi, mimi nitasema zinatosha. Nani? Yule mama wa maziwa? Wallahi hata herufi ya B hamalizi. Kile si kichwa, ni dumu tupu. Haye. Nunua nyama basi. Ya mbuzi, si ya ngamia, sitaki harufu ya wale wanawake ndani ya nyumba yangu." Kimya kidogo. Kisha puani tena: "Ring, rang, rung."

Sahara alirudisha nyuma akasikiliza tena. Kisha mara ya tatu. Akampa Maka simu, naye akasikiliza hadi kwenye nyama.

"Dumu tupu!" alifoka. "Mtu aliyemlea nduguye mdogo kwa maziwa yako ya mkopo! Twende kwa afisa sasa hivi. Twende tumwekee hii sauti mezani."

Sahara alichukua simu, akaichomeka tena ndani ya mtandio. Liliuma, na lililouma zaidi si barua, ni ile harufu. Miaka yote mtu yule alikuwa akila samli yake, akinywa maziwa yake ya bure kwenye kila mkutano, akipangusa midomo na kusema mashallah. "Tukienda sasa," alisema polepole, "atasema nimeshindwa kusoma, sasa natafuta visingizio. Atasema sauti imeungwaungwa, vijana wanajua kuunga. Afisa mwenyewe hasikii Kisomali. Atamwuliza nani amtafsirie? Atamwuliza katibu."

"Na wengine? Kundi zima limetumiwa!"

"Kundi zima halijasikiliza, abaayo. Nani ana dakika arobaini na sita za Najib?"

Ilikuwa kweli. Wanafunzi wake wote walikuwa wameishia kwenye C. Ikran mwenyewe hakuifungua. Ya nini, na shemeji ameshasema kumi zatosha? Na Mwalimu Najib, ambaye angeweza kujisikiliza mchana kutwa, alikuwa ameituma mbiombio akikimbilia Maghrib, na baadaye akasahau. Duniani kote mtu mmoja tu alikuwa amemsikiliza hadi huku, na ni yule aliyemwita dumu.

"Alisema tusiruke hata neno moja," Sahara alisema.

Maka akamtazama. Kisha mashavu yakaanza kumcheza.

Siku ya mtihani walikutana ndani ya nyumba mpya, mbele ya tangi lenyewe. Afisa wa mradi aliitwa Dokata, Mborana aliyezaliwa pande za Wajir akalelewa Isiolo, mpole, mwenye daftari na uchovu wa safari. Kisomali chake kilikuwa cha salamu na chai, kwa hiyo mkutano ukaendeshwa kwa Kiswahili, kila mmoja na Kiswahili chake. Mwalimu Najib alivaa koti, kwenye joto lile, na faili tatu zilikuwa mezani mbele yake: buluu, nyekundu, na kijani. Jasho jembamba lilimtoka, lakini la furaha.

Ikran akaitwa kwanza. Alisimama na viatu virefu vilivyozama kidogo kwenye saruji mbichi, akasema Arise na ndugu zake hadi Break, broke, broken, kisha akaangalia dari. Akatafuta, akakosa, akaomba maji.

"Zinatosha," Mwalimu Najib akasema upesi. "Afisa amesikia matamshi. Safi kabisa. Tusimchoshe mtoto."

"Zilikuwa kumi na mbili," Dokata akasema, akiangalia daftari.

"Ni sampuli. Sasa mama yetu. Mama, usiogope. Sema zile unazoweza, hata tatu."

Sahara akasimama, akaufunga mtandio nyuma, akatazama ukuta juu ya kichwa cha mwalimu kama alivyofundishwa akiwa na miaka sita, na kuanza.

Hakusema kama Ikran. Alisema kama mtu anayeitaja mbari yake mbele ya wazee: kwa mdundo, watatu watatu, bila kupumua pasipo na pumzi. Arise, Awake, Be na wake zake wawili. Alipopita Break bila hata kupunguza mwendo, kina mama nyuma wakapiga kigelegele, na Dokata akaweka kalamu chini. Alipofika Drink, drank, drunk akavuta kikombe cha hewa kwa mvumo na kusema alhamdulillahi, kwa sauti nzito ya puani. Baada ya Feed, fed, fed akakohoa mara mbili.

Afisa Dokata akamtazama Sahara, kisha Mwalimu Najib, kisha Sahara tena. Ni sauti ya nani hii? Kina mama walikuwa wameshajua. Mabega yalikuwa yakitikisika safu nzima.

Mwalimu Najib hakujua. Mtu hajitambui akiigwa vizuri. Alichojua ni kwamba mwanamke huyu amefika Forgive, forgave, forgiven na hatoi dalili ya kuishiwa, na kwamba faili ya kijani inaanza kuwa na joto chini ya kiwiko chake. "Vizuri, vizuri sana," akaingilia. "Mama amejitahidi. Tumpe nusu. Muda nao umekwenda."

Sahara alikuwa amebakiza thelathini na kidogo kufika pale penye mlio wa simu. Akikaa sasa, amekaa na nusu yake, na barua ya Ikran itatolewa ikisomwa.

"Maalim," alisema, bila kuondoa macho ukutani, "wewe ilisema hakuna kuruka. Hii maneno yote iko ndani. Nikiacha moja, wewe si utasema huyu mama amekosa?"

"Lakini mama..."

"Mwache amalize," Dokata akasema. "Mimi nimesafiri saa tano kusikia vitenzi."

Akaendelea. Freeze, Get, Give, Go na yule mwana asiyefanana naye. Alipofika keeb, kebt, kebt, wanafunzi wawili wa tuisheni waliokuwa wakichungulia dirishani waliangua kicheko na kujiziba midomo. Know, Lead, Leave, Lose. Put, put, put. Kwenye Read alihisi jina linamponyoka. Akaliona likienda, akalishika mkia. Maka, kiti cha mbele, alikuwa ameng'ata pembe ya mtandio wake.

"Ride, rode, ridden," alisema Sahara.

Akapumua.

"Tiriri-tiriri-tii."

Mwalimu Najib akashika mfuko wa suruali, akidhani ni kabambe yake. Ilikuwa kimya. Na kabla hajautoa mkono, akasikia sauti yake mwenyewe ikimtoka mwanamke yule kwa Kisomali, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi: Haa, Rukiyo, sema. Barua. Muhuri. Faili ya kijani. Kuwafunga watu macho. Sahara hakuongeza, hakupunguza. Hakupandisha sauti kwenye dumu tupu wala hakuishusha. Alisema na nyama ya mbuzi, na si ya ngamia, na harufu ya wale wanawake, na akanyamaza kidogo palepale mwalimu aliponyamaza.

"Ring, rang, rung," alimalizia, puani.

Wanawake sitini na wawili wakavuta pumzi kwa mkupuo mmoja, ambayo ni sauti mbaya sana kuisikia ukiwa wewe ndiye unayetazamwa mle ndani.

"Samahani," Dokata akasema. "Hiyo ya katikati sijaielewa. Mwalimu, hicho ni kitenzi gani?"

Mwalimu Najib akafungua mdomo. Mtu huyu aliyekuwa na neno kwa kila jambo, katika sura tatu, alipekua kichwa chake chote. "Ni..." alisema. "Hicho ni Kiingereza cha zamani."

"Cha zamani?"

"Cha... cha wafalme. Hakitumiki tena sana."

Hapo Ikran akainuka. Mtandio haukuwa puani. Alikuwa ameushika mkononi, na uso umemwiva. Huenda ilikuwa aibu, huenda ilikuwa hasira ya kuambiwa aseme kumi kama mtoto anayepewa peremende. Sahara hakuwahi kujua, wala hakuuliza.

"Afisa," alisema, "hiyo si Kiingereza. Hiyo ni shemeji yangu." Na akaitafsiri yote kwa Kiswahili cha Nairobi, hadi kwenye nyama.

Dokata hakugomba. Alinyoosha tu mkono, na Mwalimu Najib akampa faili nyekundu. Mkono ukabaki umenyooka. Akampa ya buluu. Mkono haukurudi. Ya kijani ikatoka chini ya kiwiko polepole, ikiwa na unyevu wa jasho, na ndani yake mlikuwa na barua moja: Ikran ameteuliwa mwenyekiti baada ya kufaulu mtihani wa leo. Tarehe yake ilikuwa ya siku ishirini na moja nyuma.

"Na hili sharti la Kiingereza," Dokata akauliza, akifunga faili, "lilitoka kwa nani? Sisi ofisini tuliambiwa ni kina mama wenyewe walioomba."

"Sisi tuliambiwa ni nyinyi," Maka akajibu.

Wote wakamgeukia aliyekuwa na kalamu.

"Afisa," Sahara akasema. Alikuwa bado amesimama. "Naendelea? Imebaki arobaini na kitu."

Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumkataza. Akaimaliza orodha, kutoka Rise hadi Write, wrote, written, na mwisho kabisa akasema, kama sauti ilivyosema, "Haya, kwaherini, mkisikiliza vizuri mtafaidika." Kina mama wakagonga madumu hadi tangi likavuma.

"Mama," Dokata akauliza alipopata nafasi, akipangusa macho, "na maana zake unazijua?"

"Hata moja," Sahara akasema. "Ile ya katikati tu."

Siku hiyohiyo walipiga kura kwa mikono, na hakuna mkono uliobaki mapajani. Ikran alikuja sokoni wiki iliyofuata, bila viatu virefu, akauliza kama wanahitaji mtu wa kuandika madaftari. "Eedo," yaani shangazi, alimwita Sahara kwa mara ya kwanza. Sahara alimwacha asimame juani muda kidogo, maana naye si malaika, kisha akampa kiti na dumu la kufukiza, ajifunze kwanza harufu.

Maziwa ya Bura sasa yanaingia tangini asubuhi, na adhuhuri huwa bado ni baridi, na mtaro wa soko umekauka. Sahara anavaa ufunguo shingoni. Jioni akifunga mlango husikia kwenye mabati ya ng'ambo ya barabara watoto wa tuisheni wakikariri, kwani Mwalimu Najib bado anafundisha; kalamu nyeusi tu ndiyo haionekani tena mfukoni. Alijaribu kubadilisha orodha, wazazi wakalalamika kwamba mtihani wa taifa haujabadilika. Alijaribu kuanza na Write na kurudi nyuma, lakini njia ilipita palepale. Hakuna siku inayopita bila sauti zile nyembamba kufika Ride, rode, ridden na kusimama kimya, zote pamoja, kwa adabu, zikingoja.

Kisha mmoja hupiga tiriri-tiriri-tii, na darasa zima huitikia, "Ya mbuzi, si ya ngamia!" Mwalimu Najib hungoja wamalize. Sahara naye hungoja, mkono kwenye kufuli, mpaka asikie ile sauti ya puani, ambayo siku hizi imepungua puani, ikisema Ring, rang, rung. Ndipo anageuza ufunguo na kwenda nyumbani.